Gombe kwa mwaka mzima: kupanga safari ya sokwe kutokea Kigoma mjini

Hifadhi ya Taifa ya Gombe haina barabara. Hakuna basi wala bodaboda inayofika Kasekela, kituo cha hifadhi kilicho ufukweni. Ni kwa maji tu. Ukilikubali hilo mapema, nusu ya mipango imekwisha, kwa sababu kinachoamua safari yako ni Ziwa Tanganyika: boti inaondoka saa ngapi, siku gani haipo, na upepo wa msimu huo unavumaje. Sokwe wao wapo mwaka mzima.

Wengi wetu tumekulia hapa mwisho wa reli, tumewaona wageni wakishuka uwanja wa ndege na kupitilizwa ziwani siku hiyohiyo, na bado hatujakanyaga hifadhi iliyo kilomita 16 tu kaskazini ya mji. Kisingizio ni pesa. Kwa mgeni wa nje pesa ni hoja kweli, maana anatozwa kwa dola na si kidogo. Raia wa Afrika Mashariki analipa kwa shilingi, kiwango kisichofanana hata kidogo na kile cha mgeni. Kinachotukwamisha zaidi ni kutojua utaratibu.

Kuna jambo la kuweka sawa kwa waliowahi kutembelea hifadhi za milima ya volkano, iwe Meru kule Arusha au ile ya sokwe wakubwa (gorila) wa Rwanda. Gombe si volkano. Usitafute kreta wala mwamba wa lava. Milima yake ni ukingo wa Bonde la Ufa: ardhi ilipasuka, upande mmoja ukadidimia na kujaa maji, mwingine ukabaki juu. Mpasuko huohuo ndio ulioifanya Tanganyika iwe na kina cha mita 1,470, ziwa la pili kwa kina duniani baada ya Baikal la Urusi. Kwa miguu yako maana yake ni kwamba unaanza kwenye usawa wa ziwa, kama mita 770 juu ya bahari, na ndani ya kilomita chache ardhi imepanda hadi zaidi ya mita 1,500. Hifadhi ni ndogo kwa eneo lakini imesimama wima.

Kwanza, chagua msimu kwa kujua unachokitaka

Mtu wa Pwani au wa Kilimanjaro anahesabu vuli na masika kama misimu miwili. Huku kwetu Kigoma, na kwa jirani zetu wa Tabora, mvua ni moja ndefu: inaanza mwishoni mwa Oktoba au Novemba na kuishia Aprili au mwanzoni mwa Mei. Katikati, Januari au Februari, miaka mingine inapumzika kidogo. Baada ya hapo ni kiangazi mpaka mvua irudi. Kalenda ya "mwezi mzuri wa safari" iliyoandikwa kwa ajili ya Serengeti usiibebe kuja nayo hapa.

Kanuni wanayoitoa wahifadhi wenyewe ni hii: mvua zinaponyesha sokwe hawatembei mbali, kwa hiyo ni rahisi kuwapata, kiangazi wanatawanyika zaidi, lakini mwanga ni mzuri kwa picha na njia ni kavu. Watu wengi husikia nusu ya pili tu, wakajazana Julai hadi Oktoba. Mimi kwa mtu anayeishi hapa, ambaye hakufuata picha ya ukutani, namshauri Novemba.

Sababu ya kuitaja Novemba ni mchwa. Mvua za kwanza zikilainisha udongo, mchwa wanaanza kujiandaa kutoa kumbikumbi, na sokwe wanajua. Hapo ndipo utamkuta mama sokwe amekaa mbele ya kichuguu kwa muda mrefu kuliko subira yako. Anakwangua tundu kwa kidole. Anachuma unyasi au kijiti, anauchambua majani, akiona ncha imechakaa anaing'ata kuikata, kisha anaupenyeza polepole. Anasubiri. Mchwa askari wanaung'ang'ania kwa taya zao, naye anauchomoa kwa uangalifu na kuupitisha midomoni. Mtoto yuko pembeni, macho kodo. Watafiti wamegundua kwamba majike huifanya kazi hii zaidi ya madume, na mabinti huijua mapema kuliko kaka zao, kwa sababu wao hukaa wakamtazama mama huku wenzao wakirukaruka. Mtafiti Mwingereza Jane Goodall alifika Gombe Julai 1960, akiwa na miaka 26, na kwa miezi ile ya kiangazi sokwe walikuwa wakimkimbia. Alichokuja kutangaza duniani, kwamba mnyama anatengeneza zana na kuitumia, alikiona Novemba ya mwaka huohuo, kwa dume aliyempa jina David Greybeard. Msimu nao ulikuwa na mkono wake.

Desemba ni nzuri pia, ila shule zimefungwa na watu wanasafiri, hivyo wahi kuulizia vyumba. Januari na Februari msitu ni kijani kibichi, na hewa ikishasafishwa na mvua unaiona milima ya Kongo ng'ambo ya ziwa mstari kwa mstari.

Machi na Aprili ni kwa watu wa roho ngumu. Mvua ni nzito, udongo unateleza, siafu wanakatiza njia kwa misururu. Faida yake ni kwamba wageni ni wachache na maporomoko ya Kakombe yamejaa, unayasikia kabla hujayaona. Na kuna kitu ambacho wa kiangazi hawakipati: radi ikipiga na mvua ikaanza kumwagika, madume wakati mwingine husimamisha manyoya, wakakimbia wakiteremka mteremko huku wakipiga vigogo na kuburuta matawi. Wengine hujikunja tu chini ya mti wakiloana, kwa kuwa sokwe hajengi paa. Kama goti lako lina historia, au unasafiri na mzazi mtu mzima, miezi hii iache.

Mei na Juni nyasi ni ndefu na anga ni safi, lakini upepo wa kusini unaanza kuamka. Julai hadi Oktoba ndio msimu wa wageni. Njia ni kavu, majani yamepukutika, sokwe unamwona hata akiwa mbali. Sokwe wa Gombe huwawinda mbega wekundu mwaka mzima, ila kiangazi ndipo uwindaji unapozidi, na kelele zake si za kusahaulika. Matunda ya mbula, yaleyale tunayookota sisi porini, ni miongoni mwa vyakula vyao vya kiangazi. Ubaya wa miezi hii ni jua la Septemba na Oktoba kwenye migongo ya milima isiyo na miti, na moshi wa nyasi zinazochomwa huku na kule, ambao unaifunika Kongo kabisa. Sokwe wakiwa wamepanda juu, jiandae kutembea saa tatu au zaidi, wakati siku nyingine, hasa za mvua, dakika ishirini zinatosha.

Kuna kalenda nyingine ambayo wageni hawaijui: ya mwezi wa angani. Wavuvi wa dagaa huvua kwa taa usiku wa giza. Ukilala Kasekela wakati huo, ziwa lote mbele yako lina mstari wa taa. Mbalamwezi ikiwa kali wanapumzika, kwa kuwa dagaa hawaji kwenye taa. Kwa hiyo kama ungependa kuona taa, epuka wiki ya mwezi mpevu. Kumbuka pia kwamba mwaka 2024 uvuvi upande wa Tanzania ulifungwa kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti ili samaki wazaliane. Katika kipindi cha namna hiyo taa hazipo, na dagaa sokoni bei imepaa. Uliza mwaloni kabla ya kupanga.

Pili, hesabu usiku wa kulala kwa kufuata boti

Hapa ndipo safari nyingi zinapoharibikia. Kuna njia mbili za kufika.

Ya kwanza ni boti ya kukodi, iwe ya hifadhi au ya watu binafsi. Inategemea injini: ziendazo kasi hazizidi saa moja na kitu, za kawaida ni saa mbili hivi. Ukiondoka alfajiri unaweza kuwaona sokwe na kurudi jioni ileile. Bei ni ya boti nzima, kwa hiyo mkiwa watano au sita inavumilika. Peke yako itakuuma.

Ya pili ni boti za abiria za Kibirizi, mwalo ulio jirani na mji, hizi zinazopeleka watu na mizigo vijiji vya kaskazini hadi Kagunga mpakani na Burundi. Kwa kawaida zinaondoka kuanzia saa sita mchana, pengine saa nane mzigo ukichelewa, na safari hadi Kasekela ni saa tatu au nne. Nauli ni ndogo. Asubuhi inayofuata boti hizohizo zinarudi mjini na kupita Kasekela mapema, karibu saa moja. Jumapili hazifanyi kazi.

Sasa fanya hesabu. Ukifika kwa boti ya abiria, jua limeshageuka na kufuatilia sokwe siku hiyo hakuna. Kesho yake asubuhi, boti ya kurudi inapita kabla hujaingia msituni. Kwa hiyo anayetumia boti ya abiria analala usiku wa pili, hakuna ujanja. Anayesema "nitalala siku moja" ama anakodi boti ya kumrudisha, ama hatawaona sokwe. Na ada za hifadhi za taifa huhesabiwa kwa saa 24, hivyo usiku wa pili una gharama yake nje ya kitanda. Weka yote mezani, boti, ada na malazi, ndipo ulinganishe. Mara nyingine kundi la watu sita wenye boti ya kukodi linatumia kila mmoja sawasawa na mtu wa boti ya abiria aliyelala siku mbili.

Siku za kuondoka zinazonyooka ni Jumatatu hadi Alhamisi, na Jumamosi. Ukiondoka Ijumaa na kulala siku mbili, kurudi kwako kunaangukia Jumapili, na hapo umekwama hadi Jumatatu. Kwa anayetoka Tabora kwa treni, weka siku ya akiba Kigoma mjini. Treni ya kwetu ina saa zake, na ukifika Jumamosi jioni, boti yako ni ya Jumatatu.

Tatu, lipa ukiwa mjini

Hifadhi hazipokei fedha taslimu. Unapewa kontroo namba, unalipa kwa simu au benki, unabaki na risiti. Lifanye hili ukiwa Kigoma, kwa sababu Kasekela mtandao unakamata na kupotea, na si mahali pa kugundua kwamba salio la simu halitoshi. Ulizia mchanganuo mzima: kiingilio, malazi au kupiga hema, na malipo ya muongozaji. Muongozaji ni lazima, huruhusiwi kuingia msituni bila yeye, ila gharama yake mnaweza kugawana mkiwa kundi.

Beba kitambulisho cha NIDA. Bila kitu kinachoonyesha uraia, huna cha kumshikia anayekuhesabia kwa kiwango cha mgeni. Mwenzako wa Burundi au Kenya naye anaingia kwenye kiwango cha Afrika Mashariki, ilimradi awe na pasipoti au kitambulisho cha kwao.

Kama mna watoto, ulizeni umri kabla ya kulipa chochote. Watoto wadogo hawaruhusiwi kufuatilia sokwe. Wanaweza kubaki pwani au kufanya matembezi mafupi, lakini kumleta mtoto hadi geti la msitu ndipo umwambie arudi ni kumwonea.

Nne, afya yako ni tiketi

Ukiwa na mafua, kikohozi au homa, ahirisha. Hapa hakuna kubembeleza. Sokwe wanaambukizwa magonjwa yetu, na kinga yao kwa mengi ya hayo haipo. Mwaka 1966 ugonjwa wa kupooza, polio, uliingia Gombe na kuua na kulemaza sokwe kadhaa. Magonjwa ya mapafu nayo yamewahi kuua baada ya hapo. Ndiyo sababu ya barakoa, ndiyo sababu ya kukaa mita 10 kutoka kwao, na ndiyo sababu ya kukaa nao saa moja tu. Wote walioko hifadhini ni kama mia moja tu. Mmoja akifa kwa mafua uliyokwenda nayo, pengo lake linaonekana.

Kwa upande wako, Kigoma ni miongoni mwa mikoa yenye malaria nyingi nchini. Chandarua na dawa ya kupaka viwepo, hasa Novemba hadi Mei. Kichocho nacho kipo ziwani: usioge jirani na vijiji wala palipo na matete, na popote pale muulize kwanza askari wa hifadhi, kwani ziwa hili lina nyoka wake wa majini na sehemu nyingine mamba.

Tano, funga mzigo kama mtu wa ziwa

Chakula nunua mjini, soko la Mwanga au pale Kigoma sokoni: mchele, unga, maharage, vitunguu, nyanya, mawese, dagaa wakavu, chumvi, majani ya chai. Kwenye malazi ya hifadhi pana pa kupikia, na ukiomba mapema unaweza kumpata wa kukusaidia kupika, lakini duka la kukimbilia hakuna. Maji ya kunywa yabebe pia.

Weka vyote kwenye ndoo yenye mfuniko unaobana. Ndoo inazuia maji ya boti, na inazuia nyani. Nyani wa Kasekela wamezoea watu kupita kiasi. Wanashuka pwani mchana kweupe, wanajua mfuko ni nini, na mlango ulioachwa wazi wanauona kabla yako. Hairuhusiwi kula nje. Chakula kinaliwa ndani, sehemu iliyozungushiwa wavu, na wavu huo ni kwa ajili yako, si kwa ajili yao. Mifuko ya plastiki iliyopigwa marufuku tangu Juni 2019 usijaribu kuibeba hata kama unaificha chini ya sufuria.

Viatu: raba zenye meno, zilizokwisha kuvaliwa. Kandambili ni za pwani. Suruali ndefu, soksi za kuchomekea suruali wakati wa siafu, koti la mvua kuanzia Oktoba, kofia kuanzia Juni. Sweta jepesi la kwenye boti linahitajika mwaka mzima, maana upepo wa ziwani saa kumi na mbili asubuhi haujali kama ni kiangazi. Tochi. Pawabenki. Simu na nyaraka zifunge ndani ya kitu kisichopitisha maji. Kamera iende bila mwako (flashi), kwani mwako umekatazwa mbele ya sokwe.

Sita, Kibirizi

Kutoka mjini ni bajaji au bodaboda, mwendo mfupi. Fika saa tano, si kwa sababu boti itaondoka saa tano, ila upate kuchagua boti na mahali pa kukaa. Boti ni za mbao, ndefu, na hubeba kila kitu: mabati, magodoro, kreti za soda, mifuko ya saruji, kuku. Mara nyingi utavua viatu na kuingia majini hadi magotini, ndoo kichwani.

Tazama mambo mawili kabla ya kupanda. Kwanza, boti imelala chini kiasi gani kwenye maji. Ikiwa ukingo umebakiza kiganja na bado wanapakia, subiri nyingine. Pili, jaketi okozi. Kama halipo la kwako, sema, au lete lako. Kuogopa kuonekana mshamba hakujawahi kumwokoa mtu ziwani. Mamlaka ya Hali ya Hewa hutoa utabiri wa maziwa pamoja na mawimbi. Usome jana yake usiku na tena asubuhi. Wakisema upepo mkali, ahirisha hata kama umeshalipa ada.

Kisha zungumza na nahodha mwenyewe, si kijana wa mizigo.

"Shikamoo mzee. Mimi nashuka Kasekela."

"Marahaba. Kasekela hifadhini? Umeshalipia?"

"Nimelipia, risiti hii hapa. Na keshokutwa asubuhi nitahitaji kurudi."

"Basi simama ufukweni mapema, unyooshe mkono. Tukikuona tutakufuata."

Mazungumzo hayo mafupi yana faida mbili. Usipotaja Kasekela mapema, mzigo wa Mwamgongo, kijiji cha kaskazini ya hifadhi, utapangwa mbele yako na kushuka kutakuwa vurugu, au utapitilizwa hadi Mwamgongo kwenyewe. Na nahodha akishakuweka akilini, kurudi kwako kuna mtu anayekujua.

Kuhusu mawimbi: kuanzia Mei hadi Septemba upepo unatoka kusini. Wakati wa kwenda, mawimbi yanakusukuma kwa nyuma na unaona safari tamu. Wakati wa kurudi unayapiga kwa uso wa boti, na ndipo watu wanapoloana. Msimu wa mvua ziwa huwa shwari siku nyingi, lakini likichafuka linachafuka ghafla: wingu jeusi, upepo, na dakika chache baadaye hamwonani. Nahodha akisogea ufukweni na kusema tusubiri, shuka usubiri. Usimhimize.

Saba, asubuhi ya msituni

Sokwe hulala juu ya miti, kwenye viota wanavyotengeneza upya kila jioni kwa kukunja matawi. Wafuatiliaji huondoka alfajiri kwenda pale walipolala, kisha hutoa taarifa kwa muongozaji wako. Kwa hiyo kaa tayari mapema, umekula, umekwenda msalani, maji yako lita moja na nusu begini. Chakula usibebe msituni zaidi ya kile muongozaji atakachokuruhusu, na hakiliwi mbele ya sokwe.

Njia inaanza kwa upole kando ya kijito na michikichi ya pwani, halafu inageuka ngazi ya mizizi. Nenda kwa mwendo wa anayechoka upesi kati yenu. Mtakaposikia mlio ukianzia chini na kupanda hadi kuwa mayowe, muongozaji atasimama asikilize. Anajua ni nani wanaitana na wako bonde gani. Jina la kila sokwe analijua. Muulize ni familia gani: tangu enzi za Jane watoto hupewa jina linaloanza na herufi ya jina la mama, ndiyo maana Fifi, Freud na Frodo ni majina ya mama na wanawe. Ukiwa na hilo kichwani, saa yako moja haitakuwa ya kutazama "sokwe" kwa jumla. Utamjua nani ni bibi, nani ni mjukuu, na nani anamkwepa nani.

Mkiwafikia, barakoa juu, sauti chini, mkono usinyooshe. Sokwe akikujia, wewe ndiye unayerudi nyuma. Usimkatie njia na usimkazie macho. Dume akianza vurugu, sogea kwenye mti, simama karibu na muongozaji na usikimbie. Ukibanwa na kikohozi geuka, jizibe kwenye kiwiko, ujitenge. Saa moja ikiisha imeisha, hata kama ndiyo kwanza mtoto ameshuka chini kucheza. Muongozaji anayekubali kuongeza dakika kwa noti ya shilingi elfu kumi anahatarisha kazi yake na sokwe, kwa hiyo usimjaribu.

Kuna siku sokwe hawapatikani upesi. Si kosa la mtu. Aliyelala siku mbili ana nafasi ya pili. Aliyekuja na boti ya kurudi saa tisa hana. Hilo nalo liingize kwenye hesabu ya hatua ya pili.

Nane, mchana uliobaki

Mkirudi mapema, maporomoko ya Kakombe ni matembezi mafupi, yenye kivuli, na mtu yeyote anayaweza. Kilele alichokuwa akikaa Jane na darubini yake ni cha kupanda kweli, ila ndicho kinachokupa ramani: mabonde yote yanateremka ziwani moja baada ya jingine, na nje ya mpaka unaona mashamba yameanzia hasa pale hifadhi inapoishia. Kwa mtu wa vijiji vya jirani, Mtanga au Mwamgongo, mpaka huo ni kuni, ni shamba, ni nyani waliokula mahindi. Ukipata nafasi ya kuzungumza na mzee wa kijiji kwenye boti, msikilize upande wake pia. Jane mwenyewe, aliyefariki Oktoba 2025 akiwa na miaka 91, miaka yake mingi ya mwisho aliitumia kusema kwamba msitu huu hauwezi kulindwa bila watu wanaouzunguka.

Tisa, kurudi

Kabla ya kulala usiku wa mwisho, funga kila kitu, taka zako zikiwemo; zinarudi mjini na wewe. Saa kumi na mbili na nusu uwe ufukweni. Boti haiji hadi gatini kama haijui kuna abiria, kwa hiyo simama mahali peupe na mwambie askari wa zamu kwamba unaisubiri. Wao huwa na namba za manahodha. Ikipita imejaa, usiingie majini kuifukuza. Rudi ofisini, waulize kama kuna boti ya hifadhi inayokwenda mjini siku hiyo, au wageni wenye boti ya kukodi wanaoweza kukuchukua kwa kuchangia mafuta. Fedha ya tahadhari kwa hilo, kwenye simu na taslimu kidogo, itengwe tangu mwanzo.

Ukishuka Kibirizi saa tatu au nne asubuhi, migebuka ya usiku huo ndiyo inauzwa. Nunua pale mwaloni kabla madalali hawajaipeleka Mwanga, na uliza bei kwa watu wawili.